Mshauri wa kunyonyesha aliyekuja nyumbani: nilicholipia na nilichopata

Siku ya tisa baada ya kujifungua nilimlipa mwanamke mmoja shilingi 4,500 aje nyumbani kwangu Donholm amtazame mtoto wangu akinyonya. Najua wapo watakaocheka wakisoma hivyo, na wa kwanza kucheka alikuwa mama mkwe wangu, ambaye siku hiyo alikuwa jikoni akichambua njahi, maharagwe meusi yanayoaminiwa kumwongezea mama maziwa, kwa kuwa yeye alilea watoto watano Murang'a bila kumlipa mtu yeyote amwonyeshe jinsi ya kumpa mtoto titi. Lakini mimi ni mhasibu, nimezoea kuuliza kila shilingi imekwenda wapi, na nimeona niwaandikie wazazi wenzangu wa Nairobi tathmini kamili ya huduma hii: ilivyofanywa, iliponifaa, ilipopungua, na yale ambayo mtu anaweza kuyapata bure katika kituo cha afya cha serikali.

Mshauri mwenyewe ni muuguzi na mkunga aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika wodi ya wazazi kabla ya kusomea ushauri wa unyonyeshaji. Anafanya kazi peke yake, hana ofisi, na kwa kuwa nitazieleza kasoro zake sawasawa na sifa zake, nimeamua kutomtaja jina. Hospitali niliyojifungulia, na kikundi cha ushauri wa simu nilichokilipia kabla ya kumpata yeye, navyo nitaviacha bila majina.

Kwanza nieleze nilivyofika hapo. Nilijifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike wa kilo 3.1. Siku ya tatu, tuliporuhusiwa kwenda nyumbani, alikuwa na kilo 2.85, na nesi wa wodi akanieleza, kwa usahihi kabisa, kwamba mtoto mchanga hupungua uzito siku za mwanzo na hutarajiwa kuurudia uzito wake wa kuzaliwa anapokaribia wiki mbili. Asubuhi ya siku ya tisa mizani ya kliniki ilisoma 2.80. Alikuwa hajaanza kupanda. Alikuwa bado anashuka. Chuchu zangu zilikuwa zimepasuka pande zote mbili, kila alipoanza kunyonya nilikuwa nakunja vidole vya miguu kwa maumivu, na alikaa titini dakika arobaini, hamsini, kisha akatolewa akilia kama ambaye hajapewa chochote. Daipa zilizolowa zilikuwa nne kwa siku, ilhali mtoto wa umri huo anatakiwa kulowesha sita au zaidi.

Sikuwa nimekosa ushauri. Wodini niliambiwa nimnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa saa 24, nisimpe maji wala glukosi, na nisiyakamue na kuyamwaga maziwa ya mwanzo yale ya manjano, ambayo baadhi ya wazee huyaona kama uchafu. Yote hayo ni kweli. Lakini manesi wawili walikuwa wanahudumia wodi nzima, na kila mmoja alipopita alikishika kichwa cha mtoto, akakisukuma kwenye titi, akaona mdomo umeshika kitu, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Hakuna aliyebaki hadi mtoto akamaliza. Siwalaumu sana, ningekuwa na vitanda vile vyote ningefanya vivyo hivyo.

Kikundi cha simu nakilaumu. Nililipa shilingi 1,500 kwa mwezi, na ni kweli kwamba walijibu haraka, hata saa nane za usiku. Nilipoandika kwamba chuchu zinatoka damu, nilijibiwa: "Vumilia mama, wiki ya pili itaisha." Nilipoandika kwamba mtoto analia baada ya kunyonya, nilitumiwa orodha ya vyakula vya kuongeza maziwa. Siku ya saba, bila mimi kuuliza, mmoja wao alinitajia aina fulani ya maziwa ya kopo na kuahidi kunitumia sampuli kwa mtu wa bodaboda. Kwa wasiojua, Kenya ina sheria ya mwaka 2012 inayodhibiti bidhaa zinazouzwa badala ya maziwa ya mama, na sheria hiyo inakataza kuzitangaza na kugawa sampuli zake. Siyo kwamba maziwa ya kopo hayauzwi au mama hana ruhusa ya kuyanunua. Kinachokatazwa ni huyu anayejiita mshauri wako kugeuka wakala wa kampuni. Nilijitoa siku hiyo hiyo. Pesa zangu hazikurudishwa.

Ndipo rafiki yangu wa kazini akanipa nambari ya huyu mshauri anayekuja nyumbani.

Alichelewa dakika hamsini. Aliniambia ni Jogoo Road, na nilimwamini, kwa sababu anayeishi upande huu wa mji hahitaji ushahidi. Alinawa mikono, akaomba kile kijitabu cha mama na mtoto cha kliniki, akakisoma ukurasa kwa ukurasa huku akiniuliza kuhusu upasuaji, damu niliyopoteza, dawa nilizopewa, na kama matiti yalikuwa yamebadilika wakati wa ujauzito. Alivaa glavu, akapitisha kidole chini ya ulimi wa mtoto kuona kama umefungwa kwa ngozi fupi, akasema hakuna tatizo hapo. Kisha akafungua begi na kutoa mizani bapa ya kidijitali, akaiweka juu ya meza ya chakula, akatandika kitambaa, akamlaza mtoto na daipa yake na nguo zake zote. Aliandika namba kwenye karatasi: gramu 2,946, pamoja na nguo.

"Sasa mlishe vile unavyomlisha kila siku, mama mtoto. Mimi sipo hapa."

Akaketi kwenye kiti cha pembeni na akanyamaza. Kwa kadiri nilivyoelewa baadaye, kunyamaza huko ndiko nilikokulipia. Kwa siku tisa nilikuwa nimepewa maneno na watu ambao hawakuwa wameona kinachotendeka kati ya mdomo wa mtoto wangu na titi langu, na huyu aliyekuja kuona hakusema neno kwa dakika ishirini na tano. Mara moja tu aliinuka, akainama karibu na sikio la mtoto, akasikiliza, akarudi kukaa. Mtoto alipoachia, alisema upesi, "Usifute, nionyeshe." Chuchu ilikuwa imebapa upande mmoja, imekatwa kimshazari kama ncha ya lipstiki mpya, na ukingo wake ulikuwa mweupe. Akamrudisha mtoto mezani, na daipa ile ile na nguo zile zile. Gramu 2,964.

Gramu 18 kwa dakika ishirini na tano. Nilikuwa na daftari ambalo nilikuwa nimelichora safu kama leja, nikiandika kila alipoanza, kila alipomaliza, titi la kulia, titi la kushoto, jumla ya dakika kwa siku, na nililileta kwa fahari kidogo. Alilitazama kwa adabu. "Kazi nzuri, lakini hii inaonyesha amekaa titini muda gani. Haionyeshi amemeza nini." Mhasibu anaposikia kwamba leja yake yote inahesabu kitu kisichofaa, hana la kujibu.

Kosa lenyewe alinieleza hivi. Mtoto alikuwa anashika chuchu peke yake, kwa mdomo wa mbele, badala ya kuchukua chuchu pamoja na sehemu kubwa ya ule mduara mweusi unaoizunguka. Akishika hivyo, chuchu hubanwa kati ya ulimi na kaakaa gumu, ndiyo sababu ilikuwa inabapa na kupasuka, na maziwa hutoka kidogo kidogo kwa sababu ulimi haulikandi titi lenyewe. Zaidi ya hapo, titi hutengeneza maziwa kulingana na yanayotolewa. Yakibaki ndani kwa siku kadhaa, mwili hupunguza kazi. Kwa hiyo maumivu yangu, kilio cha mtoto na uzito uliokuwa ukishuka yalikuwa jambo moja, wala siyo matatu kama nilivyodhani.

Marekebisho yalichukua muda mrefu kuliko yote. Kwa sababu ya kidonda cha upasuaji, alimhamisha mtoto kutoka tumboni kwangu akamlaza ubavuni, chini ya kwapa, miguu ikielekea mgongoni mwangu, juu ya mito miwili. Mkono wangu ukashika mabega na shingo badala ya kisogo, kwa maana mtoto akisukumwa kisogo hurudisha kichwa nyuma, jambo ambalo wodini lilichukuliwa kuwa ni ukaidi wa mtoto. Pua yake ikaelekezwa kwenye chuchu, si mdomo, ili alazimike kuinua kidevu na kufungua kinywa kwa upana kama anayepiga miayo. "Ngoja. Ngoja. Bado… sasa!" na hapo nikamleta mtoto kwenye titi, kidevu kikitangulia. Nilishindwa mara tatu. Mara ya nne kidevu kilizama kwenye titi, mdomo wa chini ukageuka nje, mashavu yakajaa, na baada ya kama dakika moja nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia siku zote tisa: mtoto akimeza. Ni sauti ndogo, kama mtu anayepumua kwa ghafla, kila baada ya kuvuta mara moja au mbili. Mama mkwe aliisikia kutoka mlangoni.

Dakika kumi na mbili baadaye mizani ilisoma 2,998. Gramu 34.

Hakuniacha na furaha tupu. Aliandika mpango wa siku tatu: nimnyonyeshe kwa mkao huo angalau kila baada ya saa mbili na nusu mchana na saa tatu usiku, baada ya kunyonyesha nikamue kilichobaki mara tano au sita kwa siku, na kitakachopatikana apewe kwa kikombe kidogo, akinywa mwenyewe kwa ulimi, bila kumiminiwa, kisha nirudi kliniki apimwe kwa mizani ile ile ya kwanza. Alinifundisha kukamua kwa mkono papo hapo, vidole vikiwa mbali kidogo na chuchu, kubonyeza kuelekea kifuani kisha kukutanisha vidole bila kuteleza kwenye ngozi. Alinitajia dalili za kunipeleka hospitali bila kumngoja yeye: mtoto kuwa mlegevu asiyeamka kula, macho na ngozi kuzidi kuwa ya manjano, mkojo kupungua, au homa kwa yeyote kati yetu.

Nilimuuliza kuhusu maziwa ya kopo, nikitarajia mahubiri. "Uzito usipopanda kwa siku tatu tutayaongeza, chini ya daktari, na hutakuwa umemkosea mtu. Mtoto kwanza ashibe." Nilimuuliza pia kuhusu benki ya maziwa ya mama iliyofunguliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani mwaka 2019, ya kwanza nchini, kwa kuwa nilikuwa nimesikia habari zake. Alinieleza kwamba maziwa yale huchangwa na akina mama, hupimwa na kupashwa moto kuua vijidudu, na huwekewa watoto wachanga waliolazwa, hasa njiti na wagonjwa ambao mama zao hawawezi kuwapa maziwa. Si mahali pa mama wa nyumbani kwenda kununua chupa. Na mama mkwe, aliyekuwa amesubiri zamu yake, akauliza juu ya njahi. "Mpe, Mama, mpe ale, ni chakula kizuri na anahitaji nguvu. Lakini maziwa yanaitwa na mtoto." Tangu hapo mama mkwe akamkubali.

Siku ya kumi na mbili mtoto alikuwa na kilo 2.90. Siku ya kumi na tisa, 3.14. Maumivu yaliisha kwa muda wa siku nne hivi, na mipasuko ikafunga baada ya wiki. Siwezi kuapa kwamba pasipo yeye mambo yasingejirekebisha, kwani mtoto mmoja si utafiti. Lakini mfuatano wa namba ni huo, na nilizipima kwenye mizani ambayo si yake.

Sasa kasoro, ambazo si chache. Kuchelewa nimekwisha kulitaja. Stakabadhi ya malipo nililazimika kuiomba mara mbili, na ilipokuja ilikuwa ujumbe wa simu usio na nambari wala maelezo. Bei inajumuisha wiki mbili za maswali kwa simu, na kwa siku za kazi alijibu vizuri, ila Jumamosi na Jumapili alinyamaza kabisa, jambo ambalo angelisema mapema nisingelilalamikia. Lililonikera zaidi ni pampu. Baada ya kunifundisha kukamua kwa mkono, alinitajia pampu ya umeme ya shilingi 6,500 na kunipa nambari ya duka moja la katikati ya mji. Nilipomuuliza wazi kama anapata chochote, alikiri kwamba duka humpa asilimia fulani. Nashukuru alikiri, na nashukuru mkono ulitangulia pampu, lakini baada ya kutoka kwa wale wa sampuli nilitamani nimpate mtu mmoja katika mji huu asiyeuza kitu. Pampu sikuinunua kwake. Niliazima ya mkono kwa dada yangu, nikainunulia vikombe vipya vya kushika titi, vya kipimo changu, kwa maana alikuwa amenipima chuchu kwa rula ndogo na kunieleza kwamba kikombe kikiwa kikubwa huvuta ngozi isiyohusika na kikiwa kidogo huchubua. Maelezo hayo hakuyatoza.

Nilimwita mara ya pili wiki ya kumi, shilingi 3,000, kwa ajili ya kurudi kazini. Likizo ya uzazi kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya 2007 ni miezi 3, na mtoto anatakiwa kunyonya maziwa ya mama pekee miezi 6, kwa hiyo kila mama aliyeajiriwa Nairobi ana pengo la miezi mitatu la kuliziba kwa akili yake. Alinifundisha kuanza kuweka akiba wiki mbili kabla, kidogo kidogo, mililita 60 hadi 90 kwa kila mfuko, na tarehe iandikwe. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 katika joto la kawaida lisilozidi nyuzi 25, siku 4 kwenye friji, na kama miezi 6 kwenye friza. Yakishayeyushwa hayagandishwi tena. Na ndani ya kikapu chenye vipande vya barafu yatasafiri salama kutoka Upper Hill hadi Donholm hata kama matatu itakesha kwenye mzunguko.

Alilofanya vizuri kupita yote siku hiyo, ambalo sikulitarajia, ni kumwita dada yetu wa nyumbani aketi nasi. Kwa kweli yeye ndiye atakayemlisha mtoto saa kumi kwa siku, na katika huduma zote nilizopitia hakuna aliyewahi kuuliza jina lake. Alimpa chupa ya maziwa ya jana kutoka kwenye friji, mafuta yakiwa yameelea juu na maji maji yakiwa chini, akamuuliza kama angeyamwaga. Dada akasema ndiyo, yameharibika. Akamwambia ayanuse, ayatikise polepole, aone yanavyorudi kuwa kitu kimoja. Kisha akamwonyesha kumkalisha mtoto wima kiasi, kumpumzisha kila baada ya mafunda machache, na kusimama mtoto anapogeuza uso hata kama kikombe hakijaisha. Dada aliuliza maswali mengi kuliko mimi, na mengine yalinionyesha kwamba kimyakimya alikuwa na mpango wa kumwonjesha uji kwenye mwezi wa tatu, kama alivyofanya kwa watoto wa mwajiri wake wa awali. Ziara hiyo ya pili kwangu ilikuwa na thamani kuliko bei yake.

Kuhusu kazini nitasema kwa ufupi. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri awe na chumba cha kunyonyeshea kisichokuwa choo, chenye mahali pa kunawa, friji au kifaa cha kupozea, soketi ya umeme, meza na kiti, na inampa mama muda wa kukamua usiozidi jumla ya saa moja katika saa nane za kazi. Mshauri alinichapia vifungu hivyo viwili kwenye karatasi moja, nikaipeleka kwa msimamizi. Nilipewa stoo ya mafaili yenye soketi, na kufuli ikaja baada ya wiki tatu.

Mahali ambapo singempendekeza ni chakula cha nyongeza. Aliniachia kijitabu chake cha kurasa nane, na karibu kila kitu ndani yake kimenukuliwa kutoka ng'ambo: matunda ambayo hapa huyaoni ila kwenye supamaketi za bei kubwa, samaki wa bahari baridi, nafaka za pakiti zenye majina ya kigeni. Kipo kwa Kiingereza tu. Nilimuuliza kuhusu omena, akasema ni nzuri, akaishia hapo.

Hayo niliyapata bure, tena kwa ubora, kwenye kituo cha afya cha kaunti tulikokuwa tukienda kwa chanjo. Foleni huanza saa moja asubuhi na benchi ni fupi, lakini mtaalamu wa lishe aliyekuwa pale alikusanya akina mama kumi na wawili, akaleta sufuria na jiko, akapika mbele yetu huku akichanganya Kiswahili na Sheng. Alionyesha kwamba uji wa mtoto wa miezi sita lazima ukae kwenye kijiko bila kumwagika, kwa sababu ule mwepesi hujaza tumbo maji. Alitukataza unga uliochanganywa kila kitu, wimbi, soya, karanga na omena katika mfuko mmoja, akieleza kwamba karanga na omena huharibika upesi na kuota kuvu, na mtoto akipata vipele hutajua umlaumu nani. Kila kimoja kianze peke yake, kwa siku chache. Aliponda viazi na ndengu, akaongeza ovakado, akatuambia terere na managu zikatwe laini sana, yai liive vizuri, chumvi na sukari zisitiwe, asali isionjwe kabla ya mwaka mmoja. Mara 2 hadi 3 kwa siku kuanzia miezi 6, mara 3 hadi 4 kuanzia miezi 9, na titi liendelee hadi miaka 2 au zaidi. Kila alichokitaja kilikuwa kinapatikana kwa mama mboga aliye nje ya lango.

Kituo hicho hicho ndicho ningemtuma mama mwenye swali lolote linalohusu VVU na kunyonyesha, kwani wanaye mhudumu wa kufuatilia dawa na vipimo vya mtoto, kazi ambayo mshauri wa peke yake hana vifaa vyake. Walichokosa ni muda. Siku ile ya tisa nesi wa kituo aliiona 2.80, akakunja uso, akaniambia nirudi baada ya siku tatu. Hakuwa na dakika ishirini na tano za kukaa kimya, na nje kulikuwa na akina mama arobaini. Labda ndiyo sababu Utafiti wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya ulikuta mwaka 2014 kwamba asilimia 61 ya watoto wa chini ya miezi sita wanapewa maziwa ya mama pekee, na ukakuta asilimia 60 mwaka 2022. Ujumbe umefika kila mahali, mabango yapo hadi kwenye milango ya vyoo vya hospitali, lakini mama ambaye amekwisha kushawishika na anashindwa hasaidiwi na bango.

Kwa hiyo, nani amwite mtu wa aina hii? Kama mtoto anaongezeka uzito, daipa zinalowa na huumii, usimwite. Weka pesa zako. Kama unataka kujua kuhusu uji, nenda kliniki ukae kwenye benchi. Kama unaumia baada ya siku chache za kwanza, au mizani haipandi, mwite mapema kuliko nilivyofanya mimi, siku ya nne au ya tano, wala usingoje ya tisa. Kabla ya kulipa, hakikisha jina lake lipo kwenye rejista ya Baraza la Wauguzi la Kenya kama anajiita muuguzi, na akitaja IBCLC, cheti cha kimataifa cha washauri wa unyonyeshaji, muulize amekihuisha lini, kwa sababu kina muda wa miaka 5. Muulize pia anauza nini. Na muulize kama atakuja na mizani yake, kwa kuwa nimesikia wapo wanaotoza bei hiyo hiyo na kuja mikono mitupu.

Kwa ziara ya kwanza ninampa alama nne kati ya tano, na ile iliyopungua ni ya pampu. Ya pili, tano. Kijitabu chake ninakipa moja, na nilimwambia hivyo; alicheka, akaniomba nimwandikie kingine kwa Kiswahili, chenye omena. Nimeanza ukurasa wa kwanza, ila mtoto sasa ana miezi saba na ameshajifunza kunyakua kalamu.